Mdomo Usioshonwa

Mdoli huyo ana macho mawili ya vifungo vyeusi, nywele za uzi wa sweta, na gauni lililokatwa kwenye pindo la kanga. Mdomo wake ni kipande cha uzi mwekundu kilichotiwa mshono mmoja tu katikati, ili mtoto aukunje kwa kidole apendavyo: ncha juu, ncha chini, au ulale umenyooka. Aliyemshona ni mwalimu wa chekechea iliyo ghorofa ya kwanza ya jengo moja la Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Hupewa vitambaa na mafundi cherehani wa chini, na soksi anazotengenezea vikaragosi ni za mtumba. Nilipomwuliza kwa nini hakuumalizia mdomo, alisema mdoli anayecheka siku zote hamfai mtoto aliyeamka na huzuni.

Nimekuwa nikienda kumtazama akifanya kazi. Mgeni akiingia ghafla ataona watoto wanacheza na mtu mzima amekaa sakafuni. Ustadi wake hauonekani haraka, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wanaiita kazi ya kulinda watoto.

Watoto wa Kariakoo wa zamani walikulia uani. Nyumba za Kiswahili zilikuwa na korido katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na uani nyuma, na familia kadhaa chini ya paa moja. Kwenye rede mtoto alijifunza kupigwa mpira mbele ya wenzake, kutoka nje ya mchezo, na kurudi zamu inayofuata bila kinyongo. Kwenye kombolela alijua maana ya kukamatwa, na ya kusubiri rafiki atokee mafichoni aje amkomboe. Hakuna aliyeyaita hayo masomo. Akilia, daima palikuwa na bibi wa mtu anayekuna nazi karibu, wa kumwuliza nani kakuonea. Sasa nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, maghorofa yamesimama mahali pake, na mtoto anacheza kwenye ngazi. Akishuka anakutana na maguta, bodaboda, na vipaza sauti vinavyotangaza bei tangu asubuhi. Yale yaliyokuwa yakijiendea yenyewe uani, mwalimu huyu anayajenga kwa makusudi ndani ya chumba kimoja.

Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa michezo, na kuhusiana na wengine kulikuwa mojawapo ya stadi zake kuu. Serikali pia imeweka kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja, ingawa madarasa mengi ya umma yanazidi idadi hiyo mno. Ili mtoto ajifunze kwa kucheza, vyumba vya chekechea hugawanywa kona: ya nyumbani, ya vitabu, ya duka. Kariakoo kona ya duka haina haja ya kuelezwa. Watoto wa hapa wanajua kupunguza bei kabla ya kujua kuandika majina yao.

Asubuhi moja mvulana wa miaka mitano alikuwa muuzaji. Alipanga makopo matupu ya nyanya, visoda na maboksi ya dawa ya meno, akawauzia wenzake vizuri tu. Ghafla akavikusanya vyote kwenye kanga, akafunga furushi, akaingia nalo chini ya meza. Msichana aliyekuwa akingoja chenji akaanza kulia. Nilitarajia mwalimu aseme, “Rudisha vitu, mpe mwenzako chenji.” Badala yake alimwita msichana amkalie karibu, kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa na mdoli chini ya meza, akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi niliyekuwa natazama nikaanza kukosa subira.

Hatimaye alisema na mdoli, hakumtazama mtoto. “Na wewe umekimbia. Una hasira, eti?”

Mvulana akaushika ule uzi, akazishusha ncha zake. “Hana hasira. Anaogopa mgambo.”

“Aa. Anaogopa mgambo.”

“Atachukua meza.”

“Woga wenyewe umemkaa wapi?”

Akagusa tumbo la mdoli, halafu lake.

Ningependa msomaji arudi kwenye lile neno “hana”. Mwalimu alikisia hasira, akakosea, na mtoto akamsahihisha hapo hapo. Mtoto aliyelelewa vizuri hapa kwetu hamkatalii mkubwa. Mwalimu akimwambia “una hasira” ataitikia “ndiyo, Mwalimu”, na mazungumzo yatakwisha na woga wake ukiwa haujatajwa. Lakini kumkatalia mtu habari za mdoli hakuvunji adabu ya yeyote. Kwa kumweka mdoli katikati, mwalimu huyu amempa mtoto ruhusa ya kubisha, na adabu yake hajaigusa. Katika yote niliyoyaona kwake, hilo nalistahi zaidi. Kisha tazama jinsi alivyolirudia jibu neno kwa neno, bila kuongeza chake. Hakuuliza mgambo gani wala mama anauza wapi. Aliuliza tu, “Tumfanyie nini?” Mvulana akafikiri, akamfunika mdoli kwa kanga, akaamua duka lihamie ukutani, karibu na mlango. Vitu vikapangwa upya. Msichana akapewa chenji yake, visoda viwili.

Hasira anaifundisha kwa vikombe. Kila mtoto anashika kikombe kitupu cha plastiki, ndani yake kuna uji wa moto wa kudhania. Kwanza wanavuta pumzi kwa pua wanuse tangawizi, kisha wanapuliza polepole, maana ukipuliza kwa nguvu uji unamwagika. Hufanya hivyo wakiwa wametulia na wanacheka, siku ambazo hakuna aliyekasirika, mpaka mwili uzoee. Hamaki inapompata mtoto kweli, wenzake ndio wanaomwambia, “Puliza uji.”

Wengine huchukua muda. Kulikuwa na msichana ambaye mama yake alikuwa amejifungua. Kila akiingia kona ya nyumbani alimchukua mdoli mchanga, akamtia kwenye ndoo na kuweka kifuniko. Mwalimu alimwacha. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayepita, “Leo dada mtu hataki mtoto,” akaendelea na shughuli zake. Mama mmoja aliyeshuhudia alichukizwa, akasema huko ni kumzoesha mtoto roho mbaya. Mimi naona wivu usiopewa ndoo ya kuchezea utamtafuta mtoto mchanga mwenyewe kitandani.

Njia hii ina wakubwa zake. Mmarekani Virginia Axline, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu tiba kwa michezo, alishikilia kwamba mtu mzima amfuate mtoto, asimharakishe. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1996, hapa hapa Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu walianzisha Tuseme, mradi uliowasaidia wasichana wa sekondari kugeuza kero zao kuwa maigizo na kuzijadili mbele ya watu. Msichana akiwa ndani ya mhusika alisema yale ambayo asingeyasema akiwa amesimama ofisini kwa mkuu wa shule. Mdoli wa Kariakoo ni mdogo wake mhusika huyo. Na jiji hili ndilo lililozaa Ubongo mwaka 2013, watu waliompa mtoto wa Kitanzania katuni ya Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Nawaheshimu sana. Katuni inaweza kumfikia mtoto ambaye hana chekechea kabisa. Ila kusubiri chini ya meza kunahitaji mtu aliyepo, anayemjua mtoto huyu na siku yake ya leo.

Wazazi hawaridhiki wote. Saa sita mchana, wakati wa kuwafuata watoto, mama mmoja anayeuza viatu alisimama mlangoni, mkoba begani.

“Mwalimu, huyu mtoto siku hizi ananijibu.”

“Amekujibu nini, Mama?”

“Eti jana alihuzunika, kisha akakasirika, kwa sababu nilichelewa kumfuata.”

“Ulichelewa?”

Mama akamtazama mwanawe, aliyekuwa akihangaika na kamba za viatu. “Nilichelewa. Mteja alinishika.”

“Basi kesho ukijua mteja atakushika, nipigie,” mwalimu akasema. “Nitamwambia mapema kwamba utakuja saa saba.”