Mzigo Mzito Mpe Chuma

Kabla ya kunipa, baba mdogo alivuta komeo nyuma, akachungulia, akapenyeza kidole kuhakikisha hamna risasi. Kisha akasema, "Pokea, baba." Nilitanua miguu kidogo, kama mtu anayetwikwa mzigo begani, nikanyoosha mikono yote miwili. Bunduki ikanirukia hadi kifuani. Mikono ilikuwa imejiandaa kwa kilo 4, ikakuta hazifiki 3.

Si kwamba mimi ni mgeni wa vyuma. Gereji yetu iko Tunduma, mji wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na tangu ujana wangu nimekadiria uzito wa kitu kwa macho kabla ya kukigusa. Macho hayajawahi kunikosesha kiasi kile. Nilimrudishia, nikaiomba tena, nikaipima upya.

Ilikuwa bunduki ya marisau ya Kiitaliano, Franchi 48 AL, aina iliyobuniwa Brescia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni ya kujipakia yenyewe: ukifyatua, ganda tupu linatupwa nje na risasi nyingine inaingia. Baba mdogo anaimiliki kwa leseni. Huko Momba, anakolima mahindi na ufuta, nguruwe pori wanaweza kumaliza jasho la msimu mzima katika usiku mmoja. Lakini siandiki habari za nguruwe. Naandika habari za kile kipande cha katikati, kati ya mtutu na kitako, kinachobeba mitambo yote. Tuseme ndio mwili wa bunduki. Kwa kawaida huwa cha chuma. Hiki kilikuwa cha aloi ya alumini.

Sisi watu wa mkoa huu wa Songwe tumelelewa kuheshimu uzito. Wanyiha waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo wakafua majembe na mikuki, vizazi vingi kabla ya duka la kwanza la vyuma. Na pale Ndolezi, Mbozi, kimelala kimondo kinachokadiriwa kuwa na tani 16, karibu chote chuma, chenye nikeli kiasi cha asilimia 8. Hiyo nayo ni aloi, iliyochanganywa na mbingu zenyewe. Mtoto aliyepelekwa kukiona kimondo anarudi nyumbani akiamini kwamba kitu imara lazima kiwe kizito.

Alumini tunaijua kwa sura nyingine: sufuria, pistoni zilizochakaa, giaboksi iliyopasuka inayosubiri fundi wa kuchomelea. Uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma, na ikiwa safi ni laini, unaikunja kwa mkono. Iliyoigeuza kuwa kitu cha kutegemewa ni subira. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alichanganya alumini na shaba na magnesi kidogo, akaipasha moto na kuizimisha majini. Haikuwa ngumu kama alivyotaka. Siku chache baadaye alipoipima tena, ilikuwa imekuwa ngumu yenyewe, bila kuguswa. Metali hiyo ilihitaji kupumzika ili ipate nguvu. Uzao wa ugunduzi huo ukajenga ndege za vita viwili vikuu, na vita vya pili vilipokwisha, mafundi wa bunduki wakaanza kuitazama aloi kwa macho mapya.

Hapo ndipo palipo na akili ninayotaka kuisifu. Fundi mvivu angechukua mwili wa chuma, akautengeneza vilevile kwa alumini, akauuza. Mwili huo ungepasuka. Fundi wa kweli alijiuliza kwanza: risasi inapolipuka, kishindo kinaangukia wapi?

Jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa na Mmarekani John Moses Browning. Bunduki yake iitwayo Auto-5, iliyoanza kutengenezwa Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na mwili wa chuma na uzito unaokaribia kilo 4. Lakini ndani yake komeo halijishikizi kwenye mwili. Linajifunga kwenye mkia wa mtutu, chuma kwa chuma. Risasi inapolipuka, mtutu na komeo vinarudi nyuma pamoja, vimeshikana. Vikifika mwisho, komeo linazuiwa, mtutu unatangulia kurudi mbele, ganda linatupwa, kisha komeo linafuata likisukuma risasi mpya. Mwili wenyewe haubebi ule mlipuko. Kazi yake ni kuongoza njia na kuvishika vitu mahali pake.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Ndani ya Franchi, iliyofuata mpango huohuo wa Browning, Mnyamwezi ni chuma: mtutu, komeo na mkia wa mtutu. Alumini imepewa kazi inayoiweza. Kazi imegawanywa kwa haki, na hakuna aliyeonewa.

Haki hiyo ina masharti. Baba mdogo alivua mtutu akanionesha bomba la risasi lililo chini yake. Pale kuna springi nene na pete za kukaba, ambazo hulibana bomba ili kupunguza kasi ya mtutu unaporudi. "Hizi nazikagua kabla ya kitu kingine," alisema. Pete zikichakaa, au zikipangwa vibaya, vyuma vinagonga kwa nguvu nyuma ya mwili, na alumini haisamehe kama chuma: inachoka kimyakimya, kisha inafanya ufa. Na bega nalo hulipa sehemu ya wepesi ule, kwa sababu bunduki nyepesi hupiga teke zaidi.

Nilipitisha kidole gumba ndani, kwenye njia ya komeo. Ilikuwa laini kama ukingo wa kikombe. Anayefahamu tupa atajua nilichokihisi: alumini hujaza meno ya tupa, hung'ang'ania, huchanika ukiiharakisha. Aliyeisawazisha njia ile hakuwa na haraka. Rangi nyeusi ya nje nayo haikupakwa kwa brashi. Chuma hupata weusi wake kwa kutu iliyofugwa, lakini alumini haishiki kutu ya namna hiyo. Hutumbukizwa katika tindikali na kupitishiwa umeme hadi iote ngozi yake yenyewe, ngumu kuliko nyama iliyo chini, na ngozi hiyo ndiyo hunywa rangi.

Chini ya mwili, mahali pa kubebea ambapo bunduki husimama sawa mkononi bila kuinama mbele wala nyuma, ngozi ile ilikuwa imelika. Palibaki doa jeupe, pana kama kiganja. Nilikilaza kiganja changu hapo, kikaenea. Pembezoni mwa doa weusi ulikuwa mzima, na kwenye njia ya komeo, ambako mitambo imepita maelfu ya mara, sikuona hata mkwaruzo mmoja wa kutisha. Kilichoila bunduki ile ni mkono wa mwenyewe, akiibeba kwenda shambani na kurudi.