Siku Tano za Chupa Moja

Chupa ya kupimia BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huimaliza vikila uchafu majini, hubeba mililita 300, na hukaa gizani siku tano kwenye nyuzi 20. Kwa mtu wa Masaki (ile ya Kisarawe mkoani Pwani, si ya maghorofa ya ufukweni Dar) nyuzi 20 za siku tano mfululizo hupatikana ndani ya kabati la maabara tu. Kwa hiyo sampuli ya majitaka lazima isafiri, na ni safarini inapoharibika.

Kiwanda cha Pwani kinachomwaga majitaka mtoni huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kiwango cha taifa, TZS 860, kinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita.

Kikomo hicho kina sababu. Machi 2022 samaki walipokufa Mto Mara, kamati ya serikali ilitaja upungufu wa oksijeni, na wengi wakaguna kwa kuwa walitarajia kusikia sumu. Lakini samaki hufa kwa kukosa hewa vilevile.

Majitaka makali hayapimwi yalivyo. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu tisa hivi tu za oksijeni kwa lita, nazo zingeisha mapema na hesabu ikapotea. Mpimaji hutia mililita 6 za sampuli, akaijaza chupa kwa maji safi. Akisoma 8 mwanzoni na 4 baada ya siku tano, tofauti ni 4. Mara 50, ni 200. Karibu mara saba ya kikomo.

Hesabu hiyo hata mwanafunzi anaiweza. Kazi iko mferejini. Chupa ya BOD iingie kwenye barafu palepale, la sivyo vijidudu huendelea kula njiani na cheti cha maabara kinatoka kizuri kuliko mfereji. Ya risasi na kromiamu hutiwa asidi ya nitriki. Ya bakteria haiguswi na asidi kabisa. Joto na pH husomwa hapohapo. Anayekuja na dumu moja la kila kitu, mimi simwamini.

Halafu kuna klorini. Ikimwagwa asubuhi ya ukaguzi huua vijidudu vilevile vinavyopaswa kula, na BOD inashuka bila uchafu kupungua. Maabara makini huiondoa kwanza, kisha hupandikiza vijidudu vipya.

Ujanja mgumu zaidi kuunasa ni wa maji safi. Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 500 kwa siku, BOD 60: kimefeli. Kikichanganya mita 500 za maji ya bomba, BOD inasoma 30 na kimefaulu. Bila mita ya mtiririko kwenye bomba la kutokea, mkaguzi hatajua kwamba mto umepokea kilo 30 zilezile.