Nambari ya Simu Katika Daftari la Chanjo

Mwezi wa Julai 2011, zilipobomolewa nyumba za kupanga za Nakawa na Naguru, jijini Kampala, zilizojengwa zama za Mwingereza, na kaya zaidi ya 1,700 zikatawanyika huku na huku, daftari lolote la kliniki lililomtambua mtoto kwa nambari ya nyumba yake halikuwa na faida tena, kwani nyumba haikuwapo na jirani wa kuulizwa naye alikwisha kuhama. Aghalabu tukitaja jamii zilizo mbali na chanjo huwaza nyika na visiwa vya ziwani, ilhali mpangaji wa mtaa wa Kinawataka, huko huko Nakawa, anayehama kila kodi ipandapo aweza kuwa mbali na muuguzi kuliko mkulima ambaye shamba lake halihami.

Ratiba ya chanjo ya Uganda huanza siku ya kuzaliwa, ikafuata juma la 6, la 10 na la 14. Kisha, pasipo na chanjo ya malaria iliyoanza 2025 katika wilaya zenye ugonjwa huo kwa wingi, mtoto hana sindano ya kumrejesha kliniki hata mwezi wa 9, ambapo huchanjwa surua. Katika muda huo mrefu mama hurudi kazini, au huhama, au husahau. Na hapo ndipo simu ina kazi.

Lakini ni simu ya namna gani? Huko Unguja, mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya waliingizwa katika utafiti wa Wired Mothers, baadhi ya vituo vikiwapa ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mkunga: waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60, dhidi ya 47 kwa wasiopewa. Habari njema, ila faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wale wa shamba haikuwafikia. Huko Siaya, Kenya, katika vijiji 152, watoto waliokamilisha chanjo kwa umri wa mwaka mmoja walikuwa asilimia 82 pasipo ujumbe wowote, na 86 kwa ujumbe mtupu, tofauti ambayo wataalamu wa takwimu hawakuweza kuitenga na bahati. Walifika 90 pale tu ujumbe ulipofuatana na shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyopatikana kwa wakati wake. Kwa rai yangu, fedha hiyo yatuonesha kwamba mama hakuwa amesahau tu, bali alikosa nauli, au angekosa kibarua cha siku hiyo.

Ndiyo maana naitukuza sauti kuliko maandishi. Ujumbe hauulizwi swali, tena huenda ukasomwa na mume mwenye simu asiujali. Bali muuguzi apigapo, husikia, "Sista, kadi ilipotea tulipohama, naogopa kugombezwa," naye akajibu, "Njoo hivyo hivyo, mama, jina la mtoto limo daftarini," na kizuizi ambacho hakuna takwimu iliyokionesha kikaondoka kwa dakika moja. Lugha nayo ina hukumu yake: Nakawa ina Waacholi wa Banda na kambi ya jeshi ya Mbuya ambako Kiswahili kimezoeleka, hivyo kupiga kwa Kiganda peke yake ni kuwaacha wengine nje.

Kabla ya kupiga, muuguzi hana budi kufungua jokofu na kuhesabu chupa, maana mama aliyeitwa akakuta chanjo imekwisha hatapokea simu ya pili. Na kwa kuwa laini hubadilishwa na simu huuzwa, kila ziara ya kliniki iwe ni fursa ya kuuliza nambari upya. Yule asiyepatikana hata baada ya hayo akabidhiwe mhudumu wa afya wa mtaa, amtafute kwa miguu, kwa kuwa orodha ya simu zisizopokelewa ndiyo orodha ya watoto walio hatarini zaidi, na ni makosa kuifuta kana kwamba kazi imekwisha.

Basi wapangao bajeti za afya hapa Kampala watenge muda wa maongezi kwa kila kliniki, muuguzi asipige kwa salio lake mwenyewe, na daftari liongezewe safu mbili: nambari ya ndugu wa pili, na lugha ambayo mama hupenda kuongea.