Istilahi "Uwashaji Salama": Usalama wa Nani?

Tafsiri inayokuja upesi kinywani kwa utaratibu wa kompyuta uitwao Secure Boot ni "uwashaji salama". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: kuwasha ni kazi ya kidole na umeme, hali utaratibu huu huanza baada ya kidole kuondoka, pale programu dhibiti ya mashine inapoukabidhi kazi mfumo wa uendeshaji. "Uanzishaji" lingefaa zaidi. Kasoro ya pili imo katika neno "salama", nayo ndiyo iliyotushikisha kalamu.

Kiwango cha UEFI, toleo la 2.3.1 la mwaka 2011, kiliagiza kwamba programu dhibiti ikague saini ya programu ya kuanzishia kabla ya kuipa nafasi. Yenye saini inayotambulika hupita, isiyokuwa nayo huzuiwa. Mwenye ufunguo mkuu ndiye aamuaye nani aruhusiwe kubadili orodha ya saini hizo. Na katika kompyuta nyingi za binafsi ufunguo huo huwekwa na kiwanda, na miongoni mwa vyeti vinavyotambulika vimo vya Microsoft. Haja ya ukaguzi ni ya kweli, kwani programu haribifu ikitangulia kuingia, mfumo wa uendeshaji hauna macho ya kuiona.

Je, mnunuzi akitaka kuweka Linux? Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, masharti ya Microsoft kwa viwanda yalikuwa na sura mbili. Kompyuta za x86 zilitakiwa zimruhusu mwenyewe kuzima ukaguzi na kuweka funguo zake. Zenye prosesa za ARM zilikatazwa kumpa ruhusa hiyo. Utaratibu uleule, jina lilelile, lakini huku mwenye mali ana kauli, kule hana. Kwa Windows 10 ya mwaka 2015, hata katika x86 swichi ya kuzimia iliachwa kuwa hiari ya kiwanda. Ni kweli kwamba watu wa Linux walipata njia: tangu 2012 ipo programu ndogo iitwayo shim, ambayo husainiwa na Microsoft kisha huifungulia mifumo mingine. Mgeni amepewa mlango, ila bawabu ni mshindani wake.

Shirika la Free Software Foundation la Marekani lilitambua mapema kwamba jina nalo lina kazi yake. Mwaka 2011 lilidai kwamba pale mtumiaji asipoweza kuudhibiti ukaguzi huo, uitwe uanzishaji uliozuiliwa. Ikiwa wenye Kiingereza chao waliona haja ya majina mawili, sisi tunaotafsiri tuna ulazima gani wa kubeba moja tu, tena lile la muuzaji?

Twapendekeza "uanzishaji kwa saini". Jina hilo lataja kinachofanyika bila kukisifu. Pale mwenye mashine anapoweza kuuzima au kubadili funguo, uitwe "wa hiari". Pale asipoweza, "wa lazima". Huenda wako watakaosema kwamba si kazi ya istilahi kutoa hukumu. Twakubaliana nao kabisa, na "salama" ni hukumu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Msaada wa Windows 10 ulikoma rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani, zikiwamo zile za mitumba zinazouzwa katika miji yetu. Mwenye kompyuta kama hiyo akiamua kuihamishia Linux, huenda akalazimika kuuzima ukaguzi kwa mkono wake. Akiona mbele yake maneno "Uwashaji salama: umezimwa", atadhani ameharibu mashine, na pengine atairudisha ilivyokuwa. Akisoma "Uanzishaji kwa saini: umezimwa", atajua ni kitu gani alichokizima.