Kipande Chembamba Hukipendelea Chuma

Chuma cha madaraja cha daraja la S355J2 hupimwa kwa kipande cha urefu wa milimita 55 na upana wa 10 kwa 10, chenye chale ya V ya kina cha milimita 2. Nyundo ya bembea hukipiga nyuma ya chale. Kikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, lazima kimeze jouli 27 kabla ya kuvunjika.

Mara nyingine kipande kamili hakipatikani: ukuta wa bomba umepinda, au mwenye daraja la zamani anakataa likatwe zaidi. Hukatwa chembamba, cha upana wa milimita 5, na jouli zinazotakiwa hugawanywa kwa mbili. Mgawanyo huo unafaa chuma kinaponyumbuka hadi kukatika. Kwenye baridi unadanganya.

Ushahidi uko kwenye uso uliovunjika. Kipande kinene kina eneo pana la katikati linalometameta punjepunje, mpasuko ulikopita kwa kasi. Ni kingo tu zilizo za kijivu na zilizolala mshazari. Kwenye chembamba, kijivu kimekula sehemu kubwa ya uso. Katikati ya kipande kinene, chuma cha pembeni hukibana cha ndani kisinywee, na mkazo hupanda. Kwenye chembamba nyuso huru ziko karibu, chuma hupumua.

Kwa kanuni ya Kim Wallin, mtafiti wa Ufini, cha milimita 5 huanza kukatika ghafla kwenye baridi zaidi kuliko kipande kamili, kwa takribani nyuzi 20. Kwa hiyo jouli 13.5 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni sawa na ushahidi wa kipande kamili kilichopimwa karibu na sifuri. Kwa bamba la milimita 5 hilo halina neno, kwani nalo ni jembamba vilevile. Kwa bamba la 40, ni hatari.

Unene huongeza hatari kwa sababu ya pili pia, ya bahati. Ncha ndefu ya ufa hupita punje nyingi, na punje moja dhaifu inatosha kuanzisha mpasuko. Kiwango cha ASTM E1921 hukokotoa hilo: kipande chenye ufa cha unene wa milimita 10 kikitoa ukinzani wa mpasuko wa MPa√m 100, cha 25 hutarajiwa kutoa 84 hivi, na cha 100 kama 65. Chuma ni kilekile, baridi ileile.

Ripoti inayotaja jouli bila upana wa kipande na unene wa bamba kilikotoka irudishwe maabara.