Nukta za Jina: Kuisoma Kadi ya Mchango

Mezani kwangu imebaki kadi moja ya mchango, katika zile tulizochapisha wenyewe nyumbani kwa ajili ya sendofu ya binti wa kaka yangu. Haikupata mwenyewe. Ukiondoa majina na namba za simu, inasema hivi:

"Familia ya Bw. na Bi. … inayo furaha kukutaarifu Mhe./Dkt./Mch./Bw./Bi./Bw. na Bi. ……………… kuwa inatarajia kufanya sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa. Ili kufanikisha shughuli hii, tunaomba mchango wako wa hali na mali. Tafadhali mkabidhi aliyekuletea kadi hii, au tuma kwa namba zifuatazo kabla ya tarehe … Tunatanguliza shukrani."

Hakuna aliyeyatunga maneno haya. Tuliyanakili kutoka kadi ya jirani, naye aliyatoa kwingine. Kwa kuwa kila mtu anayajua, hakuna anayeyasoma. Jicho hukimbilia tarehe. Tukiyasoma kama tunavyosoma shairi, neno kwa neno, tutaona kwamba fani ya kadi hii imebeba kazi ambayo mdomo ungeona haya kuifanya.

Tuanze na nafsi. Sentensi ya kwanza inatamkwa na "familia", kitu kimoja, kisarufi kiko mbali nasi: inayo furaha, inatarajia. Mbele kidogo tunakuta "binti yao", si "binti yake". Mwalimu wa sarufi angepiga mstari mwekundu, lakini kosa hili lina maana: ile familia moja imeanza kufunguka, na watu wanachungulia ndani. Sentensi ya pili wanatoka kabisa: tunaomba. Kadi inaanza kama tangazo rasmi na kufika mwisho ikiwa watu wamesimama mlangoni kwako. Nafsi inabadilika pale pale fedha inapotajwa, kwa sababu taasisi inaweza kutaarifu, ila kuomba ni lazima aombe mtu.

Hata hivyo ombi halikurupuki. Linatanguliwa na "ili kufanikisha shughuli hii", kwa hiyo shughuli imekaa mbele na mwombaji amejibanza nyuma yake. Kisha linakuja pacha lenye vina, "hali na mali", silabi mbili kwa mbili. Hali imetangulia, na hapo ndipo kadi inapokuwa na adabu: asiye na kitu naye amewekewa kiti. Sentensi inayofuata inakiondoa kile kiti kimya kimya, maana namba za simu hupokea mali tu. Anayetaka kuja kumenya vitunguu usiku wa kuamkia shughuli hana namba ya kutuma.

Maneno yaliyo hai kuliko yote ni "aliyekuletea kadi hii". Hayana jina wala sura, na yanamhusu mtu tofauti kila kadi inapobadili mikono: leo shangazi, kesho mfanyakazi mwenzako anayeogopa kukukumbusha. Chapa inanakili kadi mia zinazofanana, na kishazi hiki kimoja kinazitofautisha zote, kwa sababu maana yake inakamilika pale tu mkono unaponyooshwa. Siku hizi kadi ile ile hupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp bila kubadilishwa neno, na "aliyekuletea" anabaki akielea, kwani hakuna aliyeleta.

Sasa nukta. Mstari wa vyeo, na mikwaju yake ya kukata visivyohusika, una ukoo wa mbali: barua za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilimvika mpokeaji heshima nyingi kabla ya kufika kwenye shida. Kadi yetu inaziweka heshima zote mezani na kuiachia kalamu ichague. Kijana wetu mmoja alitaka tuachane na kalamu. Kompyuta, alisema, inaweza kuchukua majina kwenye jedwali na kuyapanga, kila jina kwenye kadi yake. Ni kweli inaweza. Tukamkabidhi majina kutoka kwenye simu ya wifi, akajaribu karatasi ya kwanza. Zikatoka kadi nne safi, mojawapo ikimtaarifu "Bi. Mama Neema wa Genge" na nyingine "Bw. Fundi Bomba".

Tulicheka hadi machozi, ila jedwali halikukosea. Hivyo ndivyo tunavyowajua watu wetu. Nukta zinampa mwandishi nafasi ya kufikiri: huyu ni Mzee au ni Bwana? Huyu mama anapenda jina lake au la mwanawe? Uhusiano huamuliwa juu ya zile nukta, kwa mwandiko, na mpokeaji akiutambua mwandiko anajua nani amemkumbuka. Tukazirudisha.

Umbo la karatasi nalo lina mchango wake. A4 ukiikata katikati, kisha nusu zake tena katikati, unapata kadi nne za milimita 105 kwa 148, zenye uwiano ule ule wa karatasi mama. Kadi mia ni manila 25 tu. Tulizizungushia ua, na mpangilio ukawa wa kanga: pindo pembeni, mji katikati, na maneno yamekaa chini. Kwenye kanga pia yale maneno husema kile ambacho mvaaji asingemwambia mtu usoni.

Lakini printa ya nyumbani haichapi hadi ukingoni. Huacha milimita kadhaa tupu, na sisi tulikuwa tumeshusha maandishi mno. Karatasi kumi zilishatoka ndipo kaka akaona kwamba kadi za safu ya chini zimekosa mstari wa mwisho. "Tunatanguliza shukrani" ilikuwa imeliwa. Akaisoma moja kwa sauti ya chini: ombi, namba za simu, tarehe ya mwisho, basi. Akaiweka mezani. "Hii bili ya maji," akasema.

Hakuna uhakiki ambao ungeuonyesha uzito wa mstari ule vizuri kuliko kukosekana kwake. "Kutanguliza" ni kitenzi cha hila njema: kinampa mtu shukrani kabla hajatoa, na aliyekwisha kushukuriwa anaona tabu kukataa. Wakati huo huo kinamsamehe mapema, kwa kuwa shukrani haikungoja kiasi. Ukiuondoa mstari huo, nafsi yote iliyojengwa tangu "inayo" hadi "tunaomba" inaporomoka, na lililobaki ni deni lenye tarehe. Tulizitupa kadi 20 za safu ya chini, tukapandisha maandishi, tukachapa tena.

Hii iliyobaki ni ya safu ya juu, mstari wake umetimia. Sendofu ilishapita na binti yuko kwake. Nukta zake bado ziko wazi, na kila nikiitazama najikuta nikimtafuta yule tuliyesahau kumwandika.