Okot p'Bitek na Msomaji wa Pajulu

Okot p'Bitek (1931–1982), mzaliwa wa Gulu, huitwa mshairi wa Waacholi. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini hutumiwa pia kumpunguza, kana kwamba mshairi wa kwao hafai kiti cha uprofesa. Maisha yake yanaipinga hoja hiyo. Alisoma Bristol, Aberystwyth na Oxford. Alifundisha Nairobi, na Ife nchini Nigeria. Makerere ilimpa uprofesa wa uandishi wa kubuni mwaka 1982, mwaka uleule aliofariki.

Hata hivyo, historia ya shairi lake kuu ina jambo linalotuhusu. Song of Lawino ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966; matini ya Kiacholi, Wer pa Lawino, ikachapwa mwaka 1969. Asili iliisubiri tafsiri yake. Mwaka 1975 ilifuata Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa.

Kwa Mlugbara wa Pajulu, Kiacholi ni lugha ngeni. Kiswahili, alichozoea kukihusisha na kambi ya jeshi na soko la mpakani, ndicho kinachoweza kumfikishia malalamiko ya mke wa jirani yake Mwacholi. Mapigo ya wimbo hupotea njiani; hoja ya Lawino haipotei.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba tungo za Kilugbara zichapwe kwanza kwa Kilugbara, kisha zivushwe kwa Kiswahili. Zisingoje idhini ya Kiingereza.